Egemeo la Budeba

Siku Budeba aliposhuka kwenye pikipiki akashindwa kunyooka, akabaki ameinama palepale uani kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka, mkewe Kashindye hakuita mtu wala hakuwaza hospitali. Alikwenda kuchukua mkasi. Ndivyo alivyokuwa Kashindye: tatizo lolote likiingia nyumbani, yeye anaona kuna mahali pa kukata na mahali pa kushona. Na mara nyingi alikuwa anapatia, tusimwonee.

Budeba alisema ni mgongo tu. Ni barabara, alisema, ni yale makorongo ya kushuka mashambani Usangu na magunia ya mpunga na abiria wanaolalia dereva kama gogo. Nani angembishia? Vijana wote wa bodaboda pale Chimala wanalia mgongo. Ukipita kijiweni kwao jioni utawakuta wamejinyoosha kwenye mabenchi, mmoja anamkanyaga mwenzake kiunoni kwa miguu, wanacheka. Mgongo wa bodaboda ni kama kikohozi cha mpishi wa kuni, hakuna anayeuuliza habari zake.

Kwa hiyo wakaenda kwa Gwakisa, fundi wa kuchomelea. Gwakisa akakunja bomba, akalichomelea miguu miwili chini ya siti, likasimama katikati ya dereva na abiria, dereva apate pa kuegemea. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Kashindye, aliyekuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la Sajid, muuza vitambaa wa pale barabarani. Sajid hakumtoza kodi ya kibaraza. Mteja akinunua kitambaa ndani, anageuka anamkuta fundi hapohapo, na wote wawili wanakula. Walikuwa wamezoeana kiasi cha kuchekana bila kununiana.

Na Sajid alicheka kweli alipoona Kashindye anashindilia egemeo la kwanza kwa pumba za mpunga alizozoa bure mashineni. Lilikuwa zuri, ukiliegemea linajitengeneza kwa umbo lako. Kisha mvua zikaanza. Punje zilizojificha ndani ya pumba zikaota, na asubuhi moja Budeba akaingia kijiweni ana majani mabichi yanamchungulia mgongoni. Wakamwambia ameanza kilimo cha juu ya pikipiki, wakamuuliza atavuna lini, wakamsumbua wiki nzima. Egemeo la pili Kashindye alilijaza kwa kipande cha godoro la watoto wao. Hilo halikumaliza hata mwezi, likalala kama chapati, chuma kikaanza kumgusa mbavu.

La tatu ndilo likawa egemeo. Sajid alikwenda Mbeya kuchukua mzigo, akapita kwenye gereji ya mabasi, akarudi na sponji la siti ya basi, lile gumu linalokaliwa miaka na bado linarudi. Kashindye akalikata kwa kisu cha jikoni, akaliviringisha pembeni, akalivika ngozi nyeusi ya viti kwa uzi wa nailoni, mshono mara mbili. Mvua ikanyesha, jua likawaka, vumbi la Usangu likalisugua. Halikuchanika. Halikulala. Budeba akarudi nyumbani jioni amenyooka, akala ugali wake amekaa, akamwambia mkewe kwamba leo amesahau kama ana mgongo.

Kashindye alifurahi maneno hayo kuliko zawadi yoyote aliyowahi kupewa na mume huyo, ambaye kwa kweli hakuwa mtu wa zawadi.

*

Sifa zikatembea zenyewe. Wa kwanza kulisifia egemeo walikuwa wanawake. Mama Damari, mwimbaji wa kwaya, mtu mzima na mwili wake, alitangaza waziwazi kwamba sasa anaweza kupanda boda bila kugandana na mume wa mtu, na tangu siku hiyo hakupanda pikipiki nyingine. Wenzake wakamfuata. Madereva walipoona wateja wanamchagua Budeba, nao wakaja kibarazani. Wote walikuwa na neno moja: nataka kama la Budeba.

Basi Kashindye akawa fundi wa maegemeo. Nguo za shule aliwaachia wengine. Sajid akawa analeta sponji kila anapokwenda Mbeya, Gwakisa akawa anakunja mabomba hadi jioni, na watoto, Kulwa na Doto, wakapata viatu vya shule bila mama yao kuzunguka kuomba. Budeba alitamba. Alikuwa akiegesha pikipiki mbele ya duka makusudi, anaketi ameegemea, mikono kifuani, ili wapita njia waone.

Lakini mgongo ulikuwa haujapona. Ulikuwa umenyamaza.

Asubuhi moja Kashindye alikuwa anampaka mumewe dawa ya kuchua. Kiganja chake kikapita katikati ya uti wa mgongo, kikakuta kitu. Akarudisha mkono. Palikuwa na kifundo, kigumu, kama ncha ya kidole gumba.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi. Panachoka tu."

"Pameota kitu, baba Kulwa."

"Nundu hiyo," Budeba alisema. "Ng'ombe akishiba haoti nundu? Umenilisha."

Wakacheka. Na hapa ndipo huwezi kuwalaumu, ingawa moyo unataka. Hao ni watu waliokuja Usangu wakifuata ng'ombe, baba zao na babu zao. Kwao nundu ni afya. Mnunuzi mnadani anaanza kutazama nundu kabla hajatazama meno. Akili zao zilikimbilia huko kwa sababu ndiko zilikozaliwa, na mzaha ukaingia mahali ambapo hofu ilitakiwa iingie. Budeba akamwambia tu asimwambie mtu, maana vijana wa kijiweni wangepata la kusema.

Kashindye hakumwambia mtu. Alifungua ule mshono wa mara mbili, akatoa sponji, akachimba kishimo kidogo mahali kile kifundo kinapokaa, akashona tena. Budeba alipoegemea, alifumba macho kwa raha.

*

Miezi ilivyokwenda, kishimo kiliongezwa. Hakuna aliyepanga. Budeba anasema pananibana kidogo, Kashindye anaweka kiganja mgongoni kwake, anapima, anakwenda kukata. Kifundo kikawa kama limao. Kikawa kama yai la bata. Mkono wa Kashindye ulikuwa unajua ukubwa wake vizuri kuliko mtu yeyote duniani, na kila mara alikifanyia nafasi.

Suruali zikaanza kumpwaya mumewe. Akazipunguza kiunoni. Usiku alikuwa akilowa jasho mpaka shuka inakamulika. Kashindye akaona ni joto la bondeni, akamshonea shuka ya pamba nyepesi. Kisha ndala ikaanza kumtoka mguuni bila yeye kujua. Alikuwa anaweza kutembea hatua kadhaa na mguu mmoja mtupu mpaka aambiwe na watu. Kijiweni walicheka hilo kwa kweli. Kashindye alichukua ndala zote mbili, akazishonea mpira kwa nyuma, kama viatu vya mtoto anayejifunza kutembea, na Budeba akazivaa.

Kila kitu alikishona. Jamani, kila kitu. Mtu akiuliza kama mke huyo alimpenda mumewe, aambiwe alimpenda mpaka akamshonea ugonjwa umkae vizuri.

Na hospitali haikuwa mbali. Budeba alikuwa akishusha wagonjwa getini kila siku. Alikuwa anawasaidia kushuka, anawapa pole, anageuza pikipiki.

*

Ilikuwa hapohapo getini alipoanguka. Alikuwa amempakia Mama Damari, aliyekuwa anakwenda kumwona mtoto wa dada yake wodini. Budeba alifunga breki vizuri, akashusha mguu akanyage chini, na mguu haukuja. Alisema baadaye kwamba aliuamuru, akaungoja. Pikipiki ikalala taratibu ubavuni na wao wawili wakalala nayo, mbele ya watu waliokuwa wamejipanga na vyakula vya wagonjwa.

Mama Damari hakuumia zaidi ya goti. Aliinuka, akakung'uta kitenge, akamgeukia Budeba amgombeze. Budeba alikuwa bado chini. Watu wakaja. Kijana mmoja wa kijiweni akamwambia, "Kaka Budeba, saa hizi ushakunywa?" Mwingine akainama kabisa, akamnusa mdomo, mtu mzima na watoto wake, mbele ya kadamnasi. Hakukuwa na pombe. Yule kijana akasema labda ni bangi. Budeba akawa anawatazama kutoka chini, anasema niinueni, niinueni tu nitasimama, na walipomwinua miguu ikaning'inia kama nguo zilizolowa.

Mama Damari ndiye aliyemfuata Kashindye kibarazani. Alikuja kwa miguu, goti linavuja damu, na hakuketi.

"Mama Kulwa, acha hiyo kazi. Mumeo miguu imekataa."

Kashindye aliuliza miguu imekataa kufanya nini. Aliuliza kweli, hakuelewa. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ngozi chini ya sindano, egemeo la mteja, na Sajid alitoka ndani akamsimamishia gurudumu la cherehani kwa kiganja chake.

*

Hospitali ya Chimala wakampima, wakampiga picha, wakawapeleka Mbeya siku ileile kwa gari. Huko Mbeya daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliwaeleza kwamba ni kifua kikuu, ila hakikukaa kifuani, kilishukia kwenye uti wa mgongo. Kimekula pingili mbili. Zimeporomoka, ndiyo sababu ya nundu, na sasa zinakaba mishipa ya miguu. Kuhusu kilikotoka hakuapa. Pengine ni hewa ya mtu aliyekohoa. Pengine ni maziwa mabichi, aliuliza kama huwa wanakunywa, na Budeba akajibu kwamba tangu alipoachishwa ya mama yake hajawahi kunywa yaliyochemshwa.

Kisha akamgeukia Kashindye.

"Hiki kinundu mlianza kukiona lini?"

Kashindye alijua. Aliweza kumtajia kila kipimo, kilipokuwa gumba, kilipokuwa limao, kilipokuwa yai.

"Muda," alisema. "Tulikuwa tunakipunguzia."

"Mlikuwa mnakipunguziaje, mama?"

"Kwa kukata sponji."

Akaeleza. Alieleza yote, egemeo, kishimo, mshono wa mara mbili, mpira wa ndala. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba maumivu ndiyo yanayowaleta watu hospitali, na watu wengi huja kwa sababu hawawezi tena kukaa. Wakija mapema wanapewa vidonge, wanameza miezi yao, wanarudi kazini. Kashindye akauliza vidonge hivyo ni bei gani.

"Ni bure, mama. Hata Chimala vipo."

Kashindye alitoka nje ya chumba kile. Kwenye korido kulikuwa na benchi la mbao, tupu, halina hata kitambaa, na aliketi juu yake akalia kwa sauti, watu wakidhani amefiwa. Mwanamke mmoja wa Iringa aliyekuwa anauguza mtoto akamshika mkono, akamwambia pole dada, marehemu alikuwa nani wako. Angesema nini? Kwamba mume wake yuko hai humo ndani, na kwamba ni yeye aliyemstarehesha mpaka akapooza?

Miguu inaweza kurudi, daktari alisema. Inaweza pia isirudi. Dawa zianze, na wangoje.

*

Walirudi Chimala wakiwa wanangoja. Pikipiki iliuzwa kulipia kukaa Mbeya. Aliyeinunua alisisitiza iuzwe pamoja na egemeo. Kashindye alilifungua kwanza, akajaza lile shimo kwa sponji jipya, ndipo akaitoa.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumgeuza Budeba mchana, watoto wakiwa shule. Sajid akasema mleteni hapa. Wakamlaza kwenye godoro pembeni ya kibaraza. Lakini neno kifua kikuu lilikuwa limefika Chimala kabla yao. Daktari alishasema ugonjwa wake hauambukizi mtu kwa kukaa naye, na Kashindye alirudia maneno hayo mpaka akachoka. Wateja walisimama mbali, wakaongea kwa kelele kutoka barabarani, wakaziba pua kwa ncha za kanga. Kijana wa chai akaanza kumletea Budeba kikombe cha plastiki cha peke yake, na hakukichukua tena.

Ni Budeba mwenyewe aliyeomba afichwe. Alisema kwa utulivu, kama anayeomba maji: nitundikie vitenge hapo mbele, watu wasinione, wewe ushone. Sajid akatundika vitenge vya kuuza kwenye kamba. Nyuma yavyo Budeba alilala siku nzima kimya, hata kikohozi alikimeza. Yeye aliyekuwa anaegesha pikipiki makusudi aonekane. Mchana kukiwa hakuna mtu, Kashindye alikuwa anainua kitenge, anamkuta anatazama vidole vyake vya miguu, anaviamuru. Havikujibu. Wakati mwingine alisema, "Kimoja kimecheza, umeona?" na Kashindye akasema ameona.

Kazi hakuiacha. Angeacha wangekula nini? Ila kila aliyekuja kutaka egemeo, alimshonea akiwa hamtazami usoni.

Mchana mmoja akaja kijana aitwaye Isakwisa, mgeni kwenye kijiwe, katoka milimani huko kutafuta maisha. Mwembamba, mcheshi. Aliegesha pikipiki, akasalimia vizuri, "Shikamoo mama," akasema amesifiwa maegemeo yake mpaka Igurusi. Ila anataka moja maalumu. Amesikia kulikuwa na lile lenye shimo katikati, la yule jamaa.

Kashindye alisimamisha cherehani. "La shimo la nini?"

"Linabana hapa kati, mama. Kuna kamfupa kamechomoza. Ukikaachia nafasi nitakuwa sawa, ni kazi tu hizi."

Kashindye alimwambia aende hospitali. Alimwambia ni palepale, ni bure, aende sasa hivi. Isakwisa akacheka kwa adabu. Alisema ataenda, siku kazi ikipungua ataenda, ila kwanza ashonewe. Kashindye akasema hamshonei. Akamwambia tena, akamshika mkono, akamwomba kama mama anavyomwomba mwanawe. Kijana akaona aibu, watu wanatazama. Akauondoa mkono wake taratibu, akasema kama mama hataki kazi yake hakuna ugomvi, ng'ambo ya barabara yuko fundi mwingine naye anajua kukata shimo. Akavaa kofia. Akapanda.

"Kijana."

Sauti ilitoka nyuma ya vitenge. Isakwisa aligeuka, hakuona mtu. Waliokuwa wamesimama pale dukani wakarudi nyuma hatua. Mkono ukatoka kati ya vitenge viwili, mkono mkavu, ukavisukuma pembeni, na Budeba akaonekana amelala kwenye godoro lake mchana kweupe, na miguu yake miwili imepangwa mahali Kashindye alipoipanga asubuhi.

"Mimi ndiye yule jamaa," alisema. "Njoo."

Isakwisa alishuka. Alisogea nusu njia, akasimama, akamtazama Kashindye, kisha akamalizia.

Budeba alimwomba mkewe amgeuze. Kashindye akamgeuza kwa ubavu, kama alivyozoea. Kisha Budeba, ambaye hata wanawe hakuwahi kuwaonyesha, akavuta shati lake mwenyewe kwa nyuma, akalipandisha mpaka shingoni, mbele ya duka, mbele ya kina mama wenye vikapu na vijana wa kijiweni waliowahi kumnusa mdomo. Hakuna aliyecheka.

"Weka mkono," alimwambia kijana. "Usiogope, hapaumi. Mimi pia hapakuniuma."

Isakwisa alipiga goti, akaweka kiganja juu ya nundu. Akakiacha hapo kwa muda. Halafu, mkono ule ukiwa bado mgongoni kwa Budeba, ule mwingine akaupeleka nyuma taratibu, akauingiza chini ya shati lake mwenyewe, akawa anatafuta.